Mtoto anayeeleza maisha ya nyota kwa Kiswahili asikatizwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lililotokea muhula wa kwanza katika maonyesho ya sayansi ya shule hapa Malindi, ambalo hadi leo halijanitoka moyoni, na ambalo naamini linawahusu walimu, wazazi na waamuzi wa maonyesho kama hayo kote pwani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Siku hiyo sikuwa mwamuzi wala mwandalizi. Nilikuwa babu aliyeketi kwenye benchi la nyuma, kwa kuwa mjukuu wangu, aliye Gredi ya 8, pamoja na wenzake watatu walikuwa wakiwasilisha mradi kuhusu maisha ya nyota, tangu kuzaliwa kwake hadi kufa kwake.

Mwamuzi alifika mezani pao, akatazama bango lao la manila, kisha akauliza swali zuri kabisa, pengine bora kuliko yote yaliyoulizwa asubuhi ile: kwa nini mmeandika kwamba nyota nyekundu haina joto kama nyota ya buluu, ilhali moto ni mwekundu? Mjukuu wangu alikuwa na jibu, tena alikuwa nalo mkononi, maana alishika riostati, kifaa cha kuongeza na kupunguza umeme, iliyounganishwa na betri na balbu ya taa ya gari. Akaanza: "Kwa sababu waya ukipata umeme kidogo huwa mwekundu kama kaa, halafu ukizidisha..." Hapo akakatizwa, akaambiwa aseme kwa Kiingereza. Alinyamaza. Aliizungusha ile riostati mara mbili, balbu ikakolea na kufifia, lakini maneno hayakuja, na mwamuzi akaandika kitu kwenye karatasi yake akasogea meza ya pili.

Ningependa wasomaji wajue mtoto yule alikuwa amebakisha kusema nini. Waya wa balbu ukipitishiwa umeme mdogo hutoa wekundu hafifu, kama kaa linalokaribia kuwa jivu. Umeme ukiongezwa, wekundu huo hugeuka rangi ya chungwa, kisha manjano, kisha weupe wa kuumiza macho. Waya ni ule ule; kilichobadilika ni joto lake tu. Fundi yeyote anayepasha chuma moto ili akikunje analijua hili bila kufundishwa na mtu. Nyota nazo hufuata kanuni hiyo hiyo. Betelgeuse, ile nyota nyekundu ya kundinyota la Orion, uso wake una nyuzijoto 3,300 hivi za selsiasi. Uso wa Jua letu una nyuzijoto 5,500 hivi. Na Rigel, iliyo katika kundi lilo hilo na ambayo weupe wake umeingia ubuluu, hufikia nyuzijoto 12,000 hivi. Balbu haiwezi kufika huko, kwa kuwa waya wake wa tangsteni huyeyuka kwenye nyuzijoto 3,400 hivi, na ndiyo maana watoto walibandika kando yake kipande cha plastiki ya buluu na kuandika chini yake: "Hapa balbu imeshindwa." Nimesahihisha kazi za wanafunzi kwa miaka mingi, na sikumbuki mara nyingi nilipoona mwanafunzi akitaja kwa uaminifu namna hiyo mahali kielelezo chake kinapoishia.

Hawakuanza hivyo. Walipokuja kwangu mara ya kwanza walikuwa na mchoro walioutoa kwenye intaneti na kuunakili kwa uangalifu mkubwa, wenye picha sita zilizopangwa mstari mmoja: wingu la gesi, nyota, jitu jekundu, kibete cheupe, supanova (mlipuko wa nyota), shimo jeusi (kitu ambacho hata nuru haiwezi kukiponyoka). Nikawauliza kama Jua letu nalo litakuja kuwa shimo jeusi. Wakasema ndiyo, babu. Hili ndilo kosa ninaloliona kila mwaka katika miradi ya aina hii, nalo huwaponyoka hata watu wazima, kwa sababu mstari mmoja ni rahisi kuchora. Nyota haipiti hatua zote hizo. Baada ya ujana wake njia hugawanyika mara mbili, na njia itakayofuata huamuliwa na jambo moja tangu siku ya kuzaliwa kwake, nalo ni kiasi cha maada iliyojikusanya kuiunda.

Nyota zote huzaliwa katika mawingu makubwa ya gesi na vumbi yenye baridi kali. Sehemu ya wingu ikielemewa na uzito wake yenyewe huanza kujikunyata, na kadiri inavyojikunyata ndivyo kiini chake kinavyopata joto, hadi kufikia nyuzijoto milioni 10 hivi, ambapo viini vya atomi za hidrojeni huanza kuungana na kuwa viini vya heli, gesi nyingine. Kuanzia hapo tunaweza kuiita nyota. Watoto wengi huandika kwamba nyota "inaungua", kana kwamba ni kuni, na neno hilo huwapotosha, kwa sababu hakuna kuni wala makaa yanayoweza kudumu miaka bilioni 4.6, ambayo ndiyo umri wa Jua letu. Kila sekunde Jua hugeuza tani milioni 600 hivi za hidrojeni kuwa heli, na katika hizo tani milioni 4 hivi hazionekani tena kama maada, zimekuwa nishati. Nishati hiyo husukuma kwenda nje, uzito wa nyota nao hubana kwenda ndani, na nyota hukaa imara kama mpira wa kandanda ambao ngozi yake inabana huku upepo wa ndani ukisukuma.

Hidrojeni ya kiini ikiisha, mizani hiyo huharibika. Nyota ya kadiri ya Jua letu, ambalo bado lina miaka bilioni 5 hivi mbele yake, huvimba na kuwa jitu jekundu, kisha humwaga angani tabaka zake za nje na kubakiza kibete cheupe, kitu chenye ukubwa wa dunia yetu lakini chenye takriban nusu ya maada ya Jua zima. Kibete hicho hupoa polepole, na mambo yake huishia hapo, bila supanova na bila shimo jeusi. Nyota iliyozaliwa na maada inayozidi ya Jua mara 8 hivi hufuata njia nyingine. Kiini chake huunganisha heli kuwa kaboni, kisha oksijeni, kisha silikoni, na kuendelea hadi chuma, na hapo hufika mwisho, kwa kuwa viini vya chuma vikiungana havitoi nishati bali huila. Kiini huporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, tabaka za nje hurushwa kwa mlipuko wa supanova, na kinachobaki ni nyota ya nyutroni au, kwa zile kubwa zaidi, shimo jeusi. Nyota ya nyutroni ina maada inayozidi ya Jua letu, nayo upana wake ni kilomita 20 hivi, yaani karibu sawa na mwendo wa kutoka Malindi hadi Watamu.

Kilichowatatiza watoto hawa kuliko yote ni kwa nini nyota kubwa, yenye hidrojeni nyingi zaidi, hufa mapema. Nilijaribu kuwaeleza kwa hesabu, wakaandika hesabu, lakini nyuso zao hazikunidanganya. Kisha mmoja wao, ambaye baba yake huvua usiku, akasema: "Ni kama karabai na koroboi." Karabai ina tangi kubwa, lakini mwanga wake wa kuwaita samaki hula mafuta mengi hata inabidi yaongezwe kabla ya alfajiri, koroboi ina mafuta ya kijiko, na mwanga wake mdogo hukaa. Hivyo ndivyo hasa ilivyo. Jua letu umri wake wote ni miaka bilioni 10 hivi, ilhali nyota yenye maada mara 20 ya Jua huishi miaka milioni 10 hivi tu. Nazo nyota ndogo nyekundu hutumia hidrojeni yake kwa ubahili kiasi kwamba, ingawa ulimwengu una miaka bilioni 13.8, hakuna hata moja iliyowahi kufikia mwisho wake. Jambo ambalo mimi na ubao wangu tulishindwa kulifikisha lilifika kwa sentensi moja ya Kiswahili kutoka kwa mtoto wa mvuvi, na baada ya hapo wote wanne waliweza kulieleza kila mmoja kwa maneno yake.

Vipimo navyo tulivitafutia vitu vya hapa. Nazi iliyofuliwa, yenye upana wa sentimita 11 hivi, iliwekwa katikati ya uwanja kuwa Jua. Dunia ikawa chembe ya mchanga ya milimita moja, umbali wa mita 12. Kwa kipimo hicho nazi ikija kuwa jitu jekundu itavimba kupita mita 20, yaani darasa halitaitosha, na mwishowe nusu ya nazi hiyo itashindiliwa ndani ya ile chembe ya mchanga. Betelgeuse ingechukua zaidi ya mita 70, upana wa uwanja wa kandanda. Nyota ya nyutroni isingeonekana kwa macho kabisa. Bango la manila, ambalo huchora vyote hivyo kama visahani sita vinavyolingana, haliwezi kumpa mtoto hisia hiyo.

Kisha tulitoka kuitazama mbingu yenyewe, jambo ambalo nasikitika kusema halikuhesabiwa kuwa sehemu ya mradi. Jioni moja ya Januari, baada ya sala ya isha, tulikwenda ufuoni mahali ambapo taa za hoteli hazisumbui sana. Sisi wa Lamu na Malindi tunakaa nyuzi mbili au tatu tu kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo Orion hutupitia karibu kabisa na utosi, Betelgeuse kaskazini kidogo na Rigel kusini kidogo, neema ambayo watu wa nchi nyingi zenye darubini kubwa hawana. Mtoto aliyesoma chuoni, yaani madrasa, hahitaji kufafanuliwa sana majina yale, kwa sababu Rigel ni rijl, mguu kwa Kiarabu, na Aldebaran ni mfuataji, ambaye hufuata nyuma ya Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, usiku kucha.

Nilitaka waone jambo moja. Hakuna binadamu aliyewahi kuishi muda wa kutosha kuiona nyota moja ikizaliwa, ikikua na kuzeeka. Lakini mgeni akipita mtaani jioni moja tu, akakuta nyumba hii ina akika, ile ina arusi, na ya tatu ina matanga, ataelewa mwendo wa maisha ya watu bila kukaa mtaani humo miaka 80. Hivyo ndivyo wanavyofanya wataalamu wa nyota. Chini ya zile nyota tatu za mkanda wa Orion kuna doa lenye ukungu, nalo ni wingu ambamo nyota zinazaliwa hivi sasa. Kilimia ni vijana, nyota zenye umri wa miaka milioni 100 hivi, ambazo dinosaria walikuwa bado wanatembea duniani zilipozaliwa. Nuru yake tunayoiona leo iliondoka huko miaka 440 hivi iliyopita, kabla Fort Jesus kuanza kujengwa mwaka 1593. Aldebaran imekwisha kuvimba. Betelgeuse ni mzee ambaye supanova yake inangojwa, ingawa kungoja huko kunaweza kuchukua miaka 100,000 au zaidi. Sirius nayo ina mwenzake mdogo asiyeonekana bila darubini, ambaye ni kibete cheupe. Vyote hivyo vilikuwa mbele ya macho ya watoto wanne waliolala chali juu ya mchanga.

Wazee wetu walikitazama Kilimia kwa makini ya kisayansi. Jina lenyewe linatokana na kulima, na usemi wao kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, ni matokeo ya kuangalia vizazi kwa vizazi jinsi nyota hizo zinavyopotea katika mwanga wa machweo wakati wa masika na kurudi alfajiri ya Juni. Watoto waliuandika usemi huo kwenye bango. Mmoja wa waandalizi aliwaambia kwamba hayo ni mambo ya somo la Kiswahili.

Nafika sasa kwenye jambo linaloniuma zaidi. Kaskazini mwa mji huu, baharini upande wa Ngomeni, yamesimama majukwaa ya San Marco yaliyojengwa na Waitalia, ambayo wavuvi wetu huyapita kila siku. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka hapo, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani, ambazo hewa ya dunia huzizuia zisitufikie huku chini. Mahali pa kurushia palichaguliwa kwa sababu kuzunguka kwa dunia kwenye ikweta huisaidia roketi, na kwa sababu setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya mionzi ambayo ingevuruga vipimo vyake.

Uhuru iliangalia hasa mwisho wa maisha ya nyota. Katika kundinyota la Centaurus ilikuta kitu kinachopiga kama mshipa wa moyo kila sekunde 4.8, nacho kikafahamika kuwa nyota ya nyutroni inayonyonya gesi ya nyota jirani yake. Katika Cygnus ilikuta eksirei zinazochezacheza kwa kasi mno, dalili ya kitu kidogo sana, na baadaye wataalamu wa Uingereza na Kanada walipoipima nyota iliyo karibu nacho, inayokizunguka kila siku 5.6, waliona kwamba kitu hicho kina maada nyingi kupita kiasi kinachoweza kuhimiliwa na nyota ya nyutroni. Hicho ndicho Cygnus X-1, kitu cha kwanza ambacho wanasayansi wengi walikubali kuwa ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Orodha ya nne ya setilaiti hiyo ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na hadi leo vingi kati yake huitwa na wataalamu wa dunia nzima kwa jina linaloanza na 4U, na hiyo U ni Uhuru. Neno la Kiswahili limekaa katika majina ya nyota kwa zaidi ya nusu karne. Mtoto wa Malindi, mwendo mfupi kutoka mahali neno hilo liliporushwa angani, alikatizwa kwa sababu alieleza nyota kwa Kiswahili.

Mradi uliopata ushindi katika kundi lao ulikuwa na taa nyingi za rangi zinazowaka kwa zamu na maelezo ya Kiingereza yaliyotamkwa bila kukwama hata mara moja. Mstari wake ulikuwa mmoja, nyota moja ikipita kibete cheupe, supanova na shimo jeusi. Siwalaumu watoto wale, ambao walifanya kazi kwa bidii na kusema walichofundishwa. Swali langu ni kwa waliowapa alama: kuna aliyewauliza kwa nini?

Najua nitajibiwa kwamba mtihani huandikwa kwa Kiingereza na kwamba sayansi ina msamiati ambao Kiswahili hakina. Nimefundisha kwa Kiingereza maisha yangu yote ya kazi na sikipingi. Nilichoshuhudia darasani ni kwamba mwanafunzi aliyekwisha kuelewa jambo kwa lugha anayoiota usiku hulihamisha kwenye Kiingereza kwa siku chache, lakini aliyekariri Kiingereza bila kuelewa hana cha kuhamisha. Kuhusu msamiati, jitu jekundu, kibete cheupe na shimo jeusi ni maneno ambayo mtoto huyaelewa anapoyasikia tu. Nebula, yaani wingu la gesi na vumbi angani, na supanova tumeyachukua kama yalivyo, na Waingereza nao waliyachukua hivyo hivyo kutoka Kilatini, kama walivyochukua Betelgeuse na Rigel kutoka kwa Waarabu.

Ninachoomba ni kidogo, nacho hakihitaji bajeti. Kanuni za maonyesho yajayo ziseme wazi kwamba mwanafunzi anaweza kujibu maswali ya waamuzi kwa Kiingereza au Kiswahili, na kwamba hatapunguziwa alama kwa kuchagua. Waamuzi watenge sehemu ya alama kwa jibu la swali la kwa nini, ambalo halipo kwenye bango. Kazi ya kutazama anga, ikiwa na tarehe, saa na michoro ya mtoto mwenyewe, ihesabiwe kama vile kipimo cha maabara kinavyohesabiwa. Na walimu wa sayansi wa Malindi na Magarini wasiache mwanafunzi amalize kuzungumzia mashimo meusi bila kumtajia Ngomeni.

Mwishoni mwa Novemba Kilimia kitakuwa kinachomoza mashariki wakati wa magharibi, na kuanzia hapo hadi Machi jioni zetu zitakuwa na Orion. Riostati, betri na balbu ninazo nyumbani, na mwalimu yeyote wa hapa atakayezihitaji nitampa. Mjukuu wangu ameniomba jambo moja, kwamba tukitoka tena ufuoni na watoto wengine, awe yeye wa kueleza.

Mwalimu mstaafu,
Malindi